Maswali na Majibu: Simu Inapokumalizia Neno

Barua za safari hii zina lalamiko moja lenye sura nyingi: kibodi ya simu inakisia neno, mwandishi anatuma bila kutazama, na ujumbe unafika ukiwa na maana nyingine. Tumejibu nane. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, hivyo ukikosa neno tulilotaja, tafuta linalokaribiana nalo.

Swali: Ndugu Mhariri, natumia simu ya batani. Nikiwasha kamusi, nikitaka "wewe" inaandika "yeye", nikitaka "kuja" inaandika "kula". Nikiizima, neno moja linanila dakika nzima. Simu imeharibika?

Jibu: Simu yako ni nzima. Herufi 26 zimebanwa kwenye batani nane, kuanzia 2 yenye abc hadi 9 yenye wxyz, kwa mpangilio wa kanuni ya E.161 ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU. Kamusi ikiwashwa unabonyeza kila batani mara moja tu, kisha simu inatafuta kwenye orodha yake neno lenye mfuatano huo wa tarakimu. Mfumo uliovuma kuliko yote ni T9, kazi ya kampuni ya Tegic ya Seattle miaka ya 1990. Kampuni ya AOL iliinunua Tegic mwaka 1999, na kampuni ya Nuance ikaichukua mwaka 2007.

Sasa chukua kalamu. "Wewe" ni 9393. "Yeye" nayo ni 9393. Hata "zeze" ni 9393. "Kuja" na "kula" zote ni 5852. "Mimi" na "nini" ni 6464, "kaka" na "lala" ni 5252, "mke" na "nje" ni 653. Ukiandika "mke yuko nje", simu inapokea 653, 9856, 653: kwake neno la kwanza na la mwisho ni kitu kimoja. Inachoweza ni kutanguliza lile ambalo watengenezaji wa kamusi waliona linatumika zaidi, basi.

Kiswahili kinaumia hapa kuliko Kiingereza, na chanzo ni batani ya 9. W, y na z zimekaa pamoja, na hizo ndizo zinazobeba upatanisho wa ngeli. Wa, ya, za: zote ni 92. Wangu, yangu, zangu: 92648. Wake, yake, zake, na juu yake wale na yale: 9253. Batani ya 5 nayo inachanganya "hiki" na "hili", "kile" na "lile". Jibu sahihi limo kwenye nomino iliyotangulia, kama ni vitabu au nyumba au watoto, lakini T9 ya awali ilikuwa haitazami nyuma. Inapima neno mojamoja.

Kwa hiyo jizoeze kutazama neno kabla ya kubonyeza 0 ya nafasi. Kama silo, bonyeza * mpaka litokee ulilotaka. Kwenye simu nyingi za Nokia, alama ya kuuliza ikitokea mwishoni mwa neno, maana yake kamusi haina neno hilo: chagua kuliandika herufi kwa herufi, lihifadhi, na mara ya pili litatokea lenyewe. Nafasi ya maneno ya kuhifadhi ni finyu na ikijaa neno jipya humfukuza mkongwe, kwa hiyo usiijaze majina unayoyaandika mara moja kwa mwaka. Kubonyeza # mara mbili haraka huzima au kuwasha kamusi.

Vitenzi virefu vina ujanja wake, nao haufahamiki sana. Simu hizo zina njia ya kuunganisha maneno: andika "nita", bonyeza mshale wa kulia kulithibitisha, kisha endelea na "kupigia" bila kuweka nafasi. Hifadhi mara moja tu vipande kama "nita", "tuta", "nime", "hawaja", na utavitumia kwa kitenzi chochote.

Usiizime kamusi kabisa. "Shikamoo" bila kamusi ni mibonyezo 19: s nne, h mbili, i tatu, k mbili, a moja, m moja, o tatu na o tatu nyingine. Tena unangoja kidogo baina ya h na i, na baina ya m, o na o, kwa kuwa zinatumia batani moja. Kwa kamusi ni 74452666, mibonyezo minane, hakuna kungoja. Mtafiti Scott MacKenzie alikokotoa hesabu hii kwa Kiingereza mwaka 2002, akapata wastani wa mibonyezo 2.03 kwa kila herufi bila kamusi na 1.007 kwa T9. Na wale wanaokasirishwa na vijana kuandika "xaxa", wahesabu kwanza: "sasa" bila kamusi ni mibonyezo 10, "xaxa" ni sita.

Swali: Simu yangu janja nikiandika "asante" inaniletea "sana" hapohapo. Lakini "nitakuletea" inaitilia mstari mwekundu kana kwamba ni kosa. Inakijua Kiswahili au haikijui?

Jibu: Inayajua maneno ya Kiswahili. Jinsi Kiswahili kinavyojenga maneno ndiyo bado inaisumbua.

Kibodi ya kawaida inakisia kwa kuhesabu. Imesomeshwa maandishi mengi na kuweka kumbukumbu ya maneno gani hufuatana. Baada ya "asante", "sana" hutokea mara nyingi mno, basi inapanda juu ya orodha. Kumbukumbu hiyo ni fupi: mara nyingi inatazama neno moja au mawili tu yaliyotangulia. Ndiyo maana ukibonyeza pendekezo la kati mara 10 mfululizo unapata sentensi inayoanza vizuri kisha inazunguka kama mlevi anayetafuta mlango.

Njia hiyo inataka kila neno liwe limeshaonekana mahali. Chukua kitenzi "pika". Viambishi vya nafsi ni sita: ni, u, a, tu, m, wa. Njeo nne: na, li, ta, me. Hapo tayari ni maumbo 24. Ongeza anayetendwa, yaani ni, ku, m, tu, wa, au asiwepo kabisa: 144. Ongeza "pikia" na "pikisha" kando ya "pika": 432. Ongeza kukanusha: 864. Toa yale yasiyosemwa, kama "ninanipikia", lakini ongeza "aliponipikia", "watakaokupikia", "asingempikia" na ndugu zao, na bado hujagusa ngeli za vitu. Kiingereza kinamaliza kitenzi hichohicho kwa maumbo manne. Orodha ya maneno 100,000 inayotosha lugha moja, kwa nyingine ni kisahani cha kuonjea.

Baadhi ya modeli mpya, yaani programu za kukisia maneno, hukata neno vipandevipande na kukisia kipande kinachofuata badala ya neno zima. Kwa Kiswahili hilo ndilo lenye akili, kwa sababu baada ya "nita-" hakuna mambo elfu yanayoweza kufuata: ni kiambishi cha mtendwa au mzizi. Simu ikikua kwa upande huo tutapumua. Apple walianza kutumia modeli ya aina ya transfoma, inayopima maneno mengi yaliyotangulia kwa pamoja, kwenye iOS 17, mfumo wa iPhone, mwaka 2023, ila ubora wake kwa kila lugha unategemea maandishi iliyosomeshwa.

Kwa sasa, lisha kamusi binafsi. Na hapa watu wengi hukosea: wanaingiza mizizi, "pig", "let", "pik". Haisaidii kitu, maana kibodi inalinganisha neno zima tangu herufi ya kwanza. Ingiza maumbo kamili unayoyatumia. Fungua ujumbe ulioutuma wiki mbili zilizopita na uokote vitenzi 30 au 40 vinavyojirudia: nitakupigia, nimefika, sijapokea, tutaonana, umeshakula, nakuja, ameniambia. Kwenye Android yenye Gboard, kibodi ya Google, pita Mipangilio, Mfumo, Lugha, Kibodi ya skrini, Gboard, Kamusi, Kamusi ya binafsi, kisha chagua Kiswahili na ubonyeze alama ya kujumlisha. Dakika 15 zinatosha. Baada ya hapo ukifika "nitaku" neno lako litakuwa limeshasimama juu.

Swali: Naandika "sana", inatoka "sauna". Naandika "kama", inatoka "karma". Nimeshaongeza Kiswahili kwenye kibodi na bado inanifanyia hivyo. Nifanyeje?

Jibu: Tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna mapendekezo, yale maneno matatu juu ya kibodi, ambayo hayabadilishi kitu usipoyagusa. Kuna usahihishaji otomatiki, ambao unabadilisha neno lako ukishabonyeza nafasi, bila kukuuliza. La kwanza ni mhudumu anayekuonyesha bidhaa. La pili ni mhudumu anayezitia kwenye kapu lako ukiwa umegeuka.

Usahihishaji unapima vitu viwili na kuvizidisha: vidole vyako viliangukia wapi, na neno hilo ni la kawaida kiasi gani. Uliandika "sana" bila kukosea hata herufi moja. Lakini kama kibodi wakati huo inasoma kamusi ya Kiingereza, "sana" halimo, uzito wake unakaribia sifuri, na "sauna" lililo mbali kwa herufi moja tu linashinda. Umeadhibiwa kwa kuandika sawa.

Kwanza hakikisha lugha inayotumika sasa hivi ni ipi. Kuongeza Kiswahili si sawa na kukichagua. Tazama kitufe cha nafasi: mara nyingi jina la lugha limeandikwa pale. Kishikilie na orodha ya lugha itafunguka. Faili la lugha mpya hushushwa kwa intaneti, kwa hiyo mpaka likamilike mapendekezo ya Kiswahili hayatatokea hata kama jina limeonekana.

Pili, na huu ndio ushauri wetu kwa kila anayeandika Kiswahili siku nzima: zima usahihishaji, acha mapendekezo. Kwenye Gboard ingia mipangilio ya kibodi, sehemu ya kusahihisha maandishi, ondoa alama kwenye kusahihisha kiotomatiki, lakini uache mstari wa mapendekezo na mapendekezo ya neno linalofuata. Kwenye iPhone yenye menyu za Kiingereza ni Settings, General, Keyboard, kisha zima Auto-Correction na uache Predictive. Utakosea herufi zaidi, ni kweli. Ila "saana" msomaji anaielewa, "sauna" haielewi.

Ukitaka kuuacha usahihishaji, jua namna ya kuukatalia. Kwenye iPhone gusa neno lililobadilishwa, litakuonyesha lile uliloandika mwanzo. Kwenye Gboard, kitufe cha kufuta ukikibonyeza mara moja papo hapo baada ya neno kubadilishwa hurudisha lako, kama chaguo hilo limewashwa. Au bonyeza neno lako mwenyewe kwenye mapendekezo kabla ya kuweka nafasi. Kwenye iPhone huwa upande wa kushoto, ndani ya alama za kunukuu.

Swali: Mimi ni mwalimu. Mara ngapi nimeandika "mti" nikapata "mtu", au "mto"! Kibodi inasahihisha mambo makubwa, kwa nini hili dogo inaliacha?

Jibu: Kwa sababu kwake hakuna kosa. Mtu, mti na mto ni maneno halali, na kwenye mpangilio wa QWERTY, ule wa kawaida wa kibodi za simu janja, herufi u, i na o zimekaa bega kwa bega. Kidole kikiteleza kitufe kimoja, unatoka neno halali unaingia neno halali. Vivyo hivyo kiti na kitu. N na m nazo ni majirani, ndiyo maana "ana" na "ama" hubadilishana. Ajabu ni kwamba simu ya batani, tuliyoisema juu, haina ugonjwa huu: mtu ni 688, mti 684, mto 686. Kila kibodi ina maneno inayoyaonea.

Pima ukubwa wenyewe. Kioo chenye upana wa milimita 65 kinabeba vitufe 10 kwenye safu ya juu, kila kimoja milimita 6.5 pamoja na mwanya wake. Ncha ya kidole gumba inaziba zaidi ya hapo. Kwa hiyo simu haipokei "herufi", inapokea doa, inakadiria kitovu chake, na kuuliza kinaangukia eneo la nani. Maeneo hayo hayalingani na michoro unayoiona. Tangu iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 kibodi imekuwa ikipanua kwa siri eneo la herufi inayotarajiwa na kupunguza la jirani yake. Ukishaandika "nakupend", eneo la a linatanuka, na hata ukiligusa pembeni kabisa utapata a. Lakini baada ya "mt", u, i na o zote zinatarajiwa. Hakuna anayetanuliwa, na kidole kinabaki kivyake.

Baadhi ya kibodi mpya hurudi nyuma neno moja na kulibadilisha zikishaona lililofuata, mathalani "umefurika" au "umeanguka". Usiitegemee sana. Ongeza urefu wa kibodi kwenye mapendeleo yake, na kwa kazi ndefu laza simu: ikiwa na urefu wa milimita 140, kila kitufe kinapata hadi milimita 14, na mtu anabaki mtu.

Swali: Ujumbe wangu wa herufi 120 unahesabiwa kuwa ni meseji mbili. Ukomo si 160?

Jibu: Tafuta ritifaa, alama hii ('). Kama uliandika "ng'ombe" au "ng'ambo", mkosaji huenda ni huyo.

Meseji moja ya kawaida ina nafasi ya baiti 140. Alfabeti ya GSM, orodha ya herufi na alama ya mitandao ya simu, inatumia biti saba kwa herufi, ndiyo maana zinaingia 160. Alama yoyote isiyokuwemo kwenye alfabeti hiyo inaulazimisha ujumbe mzima, si herufi ile tu, kuhamia mfumo wa biti 16, na hapo zinaingia 70. Ujumbe ukizidi meseji moja, kila kipande kinatoa nafasi kidogo kwa ajili ya kuunganishwa: 153 badala ya 160, na 67 badala ya 70. Herufi zako 120 zimegawanyika 67 na 53.

Ritifaa iliyonyooka imo kwenye alfabeti ya GSM. Iliyopinda, ile nzuri ya vitabuni, haimo, na kuna kibodi zinazoipindisha zenyewe. Kwenye iPhone ni Settings, General, Keyboard, zima Smart Punctuation. Emoji moja nayo inaleta matokeo yaleyale. Yote haya yanahusu meseji za mtandao wa simu tu. Kwenye programu za kuchati zinazotumia intaneti hayapo.

Ukiwa hapohapo: ritifaa ina shida ya pili. Kibodi nyingine huiona kama mwisho wa neno, zikaanza kukukisia "ombe" peke yake. Ingiza ng'ombe, ng'oa, ng'ara na ng'ambo kwenye kamusi binafsi. Kuipata haraka kwenye Gboard, shikilia kitufe cha nukta. Kwenye iPhone bonyeza 123, usiinue kidole, teleza hadi kwenye ritifaa ndipo uachie. Utarudi kwenye herufi bila kubonyeza tena.

Swali: Kibodi imejifunza neno nililokosea na kila siku inanipa hilohilo.

Jibu: Likitokea kwenye mapendekezo, lishikilie. Gboard itatoa pipa la taka, liburute ulitupie humo. Kama makosa ni mengi, nenda faragha kwenye mipangilio ya Gboard, ufute maneno iliyojifunza. Itakuonyesha tarakimu za kunakili ili kuthibitisha. iPhone haina kufuta neno mojamoja lililojifunzwa, ina kufuta yote: Settings, General, Transfer or Reset iPhone, Reset, Reset Keyboard Dictionary. Kwenye simu zote mbili, uliyoyaingiza kwa mkono yanakaa mahali pake tofauti, kwa hiyo angalia na huko, maana huenda uliliingiza kosa mwenyewe.

Swali: Habari za kazi. Naona vijana wanaandika kwa kutelezesha kidole bila kuinua. Kwa Kiswahili inafaa? Mimi inanitolea maneno ya ajabu.

Jibu: Nzuri. Inafaa kwa maneno mafupi na ya kati, inachosha kwa vitenzi virefu. Njia hii ilivumishwa na kibodi ya Swype, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Cliff Kushler, ndiye yuleyule aliyeshiriki kubuni T9. Simu ya kwanza kuuzwa nayo ilikuwa Samsung Omnia II mwaka 2009. Swype yenyewe ilifungwa mwaka 2018, lakini karibu kila kibodi imeshaiga.

Kibodi inalinganisha umbo la mstari uliochora na maumbo ya maneno iliyonayo. Hapo pana mambo matatu. La kwanza: haiwezi kutoa neno isilolijua. Ukitelezesha "watakuletea" na halimo, itatoa linalofanana kwa umbo, hata kama halina maana pale. Liandike mara ya kwanza kwa kugusa herufi moja moja, ukubali lihifadhiwe, kisha telezesha siku nyingine.

La pili ni mwisho wa mstari. Kutoka t kwenda u unapita y. Kwenda i unapita y na u. Kwenda o unapita y, u na i. Mtu, mti na mto ni njia moja yenye vituo vitatu, na kinachozitofautisha ni mahali ulipoinulia kidole. Wengi huinua kidole mkono ukiwa bado unakimbia, na kwa hiyo wanapitiliza kituo. Simama kidogo juu ya herufi ya mwisho, kisha inua.

La tatu ni herufi pacha na maneno ya kujirudia. "Saa", "taa", "kaa" hazihitaji ufundi, maliza kwenye a na kamusi itaongeza ya pili. Lakini "polepole" au "sawasawa" zinakufanya upite njia ileile mara mbili, na ukiinua kidole katikati kibodi inaweka nafasi yenyewe. Ziandike kwa kugusa. Ukikosea neno zima, usilifute herufi kwa herufi: kwenye Gboard weka kidole kwenye kitufe cha kufuta, kivutie kushoto, maneno yatafutika kwa mkupuo.

Swali: Shikamooni. Nilipoweka kibodi mpya simu ilinionya kwamba inaweza kukusanya kila ninachoandika, hata nywila. Ni kweli wanasoma?

Jibu: Marahaba. Onyo hilo Android huonyesha kwa kila kibodi unayoiweka mwenyewe, nzuri na mbaya, kwa sababu kibodi hupokea kila herufi kabla ya programu nyingine yoyote. Linasema inaweza, halisemi inafanya.

Kujifunza maneno yako si lazima kuende na kutuma ulichoandika. Mwaka 2017 Google walieleza njia wanayoitumia kwenye Gboard: simu yenyewe inajifunza kutokana na maandishi yaliyomo ndani yake, kisha inatuma marekebisho ya modeli tu, yanayochanganywa na ya simu nyingine nyingi. Kibodi nyingine zina utaratibu wake, na zinazohifadhi maneno yako kwenye akaunti ili uyakute simu nyingine zinayatuma nje kwa hiari yako.

Kwenye visanduku vya nywila, programu huiambia kibodi isikisie wala isijifunze. iPhone inakwenda mbali zaidi: kwenye visanduku hivyo huondoa kibodi ya nje, ile uliyoiweka mwenyewe, na kurudisha ya Apple. Kibodi ya nje kwenye iPhone pia haifiki mtandaoni mpaka uiruhusu kwa Full Access, na kama haikupi kitu kinachohitaji mtandao, usiiruhusu. Tatizo huwa kwenye kisanduku cha kawaida. Nywila ukiiandika kwenye ujumbe au kwenye daftari la simu, kibodi inaiona kama neno jipya, na inaweza kukuletea kama pendekezo siku ambayo mwenzako ameazima simu kuandika ujumbe wake. Ikishatokea, lishikilie neno hilo ulitupie pipani kama tulivyoeleza juu, halafu ubadilishe nywila yenyewe.